Swali Ambalo Hulijui Jibu Lake

Mjomba wangu alikuwa amekaa kwenye kochi la pembeni, vijana wa ukoo wamemzunguka sakafuni, akiwahimiza wasome kwa bidii. Alisema jambo ambalo nilikuwa nikilisikia kwake tangu utotoni: kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake, na kwamba asilimia 90 iliyobaki imelala, inasubiri mwenyewe aamue kuiamsha. Vijana walikuwa wametulia wakimsikiliza. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, simu mkononi, na badala ya kuingia nikakaa, nikakatiza. Nilisema hilo si kweli. Kwamba picha za ubongo zinazopigwa kwa mashine zinaonyesha sehemu zake zote zikifanya kazi kwa nyakati mbalimbali, hata mtu anapolala. Kwamba madaktari hawajapata kona kubwa ya ubongo inayoweza kuharibika bila mwenyewe kupata hasara. Na kwamba kiungo chenye uzito wa takribani asilimia 2 ya mwili, ambacho kinatumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, hakiwezi kuitwa kimelala. Kisha, ili kusiwe na shaka, nikasoma vyanzo viwili kwa sauti.

Mjomba aliniangalia kidogo, akaisukuma miwani yake juu ya pua, akasema, "Sawa, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma." Akanyamaza. Vijana wakarudi kwenye simu zao, mmoja akatoka nje, na yale mazungumzo ya kuhimizana yakafa palepale. Nilikuwa nimeshinda. Ilinichukua muda mrefu kukiri kwamba katika chumba kile hakuna aliyeondoka na imani tofauti na aliyokuja nayo, isipokuwa labda imani yao kunihusu mimi.

Ninaandika haya kama mtu anayependa kuhoji mambo na ambaye hana nia ya kuacha. Ninaamini kabisa kwamba fikra tunduizi, yaani ule utaratibu wa kuuliza dai limetoka wapi, linashikiliwa na ushahidi gani, na ni kitu gani kingelionyesha kuwa si kweli, ni miongoni mwa mambo bora ambayo watu wanaweza kufanyiana. Lakini kwa miaka mingi nilikuwa nikifanyia watu, sikuwa nikifanya nao, na tofauti hiyo sikuiona kwa sababu nilidhani tatizo ni sauti.

Baada ya siku ile ya Mjomba nilikwenda kurekebisha sauti. Nilijifunza kutanguliza "samahani", kushusha mabega, kutabasamu, na kugeuza kila kauli kuwa swali. Nafasi ya kujaribu haikuchelewa. Mwenzangu mmoja kazini alikuwa akiamini kwamba dawa fulani ya kunusa ndiyo inayomponya mafua, na siku hiyo alikuwa akimsifia mwenzake wa meza ya jirani. Nilimuuliza kwa upole mafua yake huchukua siku ngapi kwa kawaida. Akasema kama saba hivi. Nikamuuliza dawa huanza kuitumia siku ya ngapi. Akasema ya tatu au ya nne, akishazidiwa. Nikamuuliza, bado kwa upole, ikiwa asipoitumia mafua hukaa siku ngapi. Hapo alinyamaza. Aliona ninakompeleka, akaona pia kwamba nilikuwa nimeshafika huko kabla yake na nilikuwa nikimsubiri. "Naona leo nahojiwa kituoni," alisema, akageukia kompyuta yake.

Hoja yangu ilikuwa sahihi tena. Mafua ya kawaida huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10, na kwa kuwa mtu hukimbilia dawa pale anapozidiwa, yaani karibu na kilele cha ugonjwa, chochote atakachotumia wakati huo kitaonekana kimemponya, maana baada ya kilele kinachobaki ni mteremko. Ni kosa la kufikiri linalofahamika sana, na kila mmoja wetu hulitenda. Lakini maswali yote matatu niliyajua majibu yake kabla sijafungua mdomo. Nilikuwa nimepanga matofali matatu, na nilitaka tu mwenzangu ayakanyage moja baada ya jingine mpaka aanguke. Kule kuyapaka rangi ya upole hakukubadilisha shimo lililokuwa mbele yake. Huenda kulilifanya baya zaidi, kwa sababu anayekupinga waziwazi angalau anakuruhusu umwone.

Kuna mtu maarufu aliyepitia njia hii kabla yangu na aliyekuwa na ujasiri wa kuliandika. Benjamin Franklin, yule mchapishaji wa Marekani aliyekuja kuwa mwanadiplomasia, anasimulia katika kumbukumbu za maisha yake, alizoanza kuziandika mwaka 1771, kwamba alipokuwa kijana alivutiwa na namna Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alivyokuwa akijadiliana na watu. Akaiga. Akawa hodari wa kuwavuta watu, hata waliomzidi elimu, wakubali jambo moja dogo, kisha jingine, mpaka wanajikuta wamenaswa mahali wasipoweza kujitoa. Na anakiri mwenyewe kwamba kwa njia hiyo alipata ushindi ambao mara nyingine yeye wala hoja yake hawakuustahili. Baadaye aliachana na mtindo huo polepole, akabakisha kitu kimoja tu: mazoea ya kusema "naona" na "nadhani" na "kama sikosei" mahali ambapo zamani angesema "bila shaka". Ninachokipenda katika ungamo hilo ni neno la ushindi. Franklin aligundua kwamba mbinu inayoweza kumshindia mtu hoja mbovu ni mbinu isiyohusiana na ukweli, hata inapotokea ikatumika upande wa ukweli.

Kuhusu Socrates mwenyewe, mashabiki wake hupenda kusema kwamba aliuawa kwa sababu alipenda hekima. Athens ilimhukumu kifo mwaka 399 KK mbele ya mahakama ya raia mia tano au zaidi kidogo, na sababu za kisiasa hazikukosekana. Lakini katika simulizi za wanafunzi wake tunamwona akiwatembelea wanasiasa, washairi na mafundi, akiwahoji mbele za watu mpaka ionekane hawajui walichodai kukijua, huku vijana wamesimama pembeni wakifurahia. Kila ninapoisoma sehemu hiyo namkumbuka Mjomba na wale vijana sakafuni. Mtu anaweza kusamehe kukosolewa. Kukosolewa mbele ya wale wanaomtegemea kuwa mtu anayejua mambo, hilo ni deni la aina nyingine.

Nilibadilishwa na mtu mwingine kazini, mama mmoja wa kitengo cha uhasibu ambaye sijawahi kumsikia akitumia maneno kama "ushahidi" au "upendeleo". Kwa miaka mingi niliamini kwamba usiku wa mwezi mpevu silali vizuri. Halikuwa jambo la ushirikina kwangu. Nilikuwa na maelezo yake kuhusu mwanga, na nilikuwa na mifano, usiku huu na usiku ule, ambapo niligeukageuka kitandani, nikafungua pazia, nikaukuta mwezi umekaa juu ya paa la jirani kama sahani. Siku moja nilikuja kazini macho mekundu nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo mimi sikuwa nimemfanyia mtu wa mafua. Kisha akauliza: "Na ule usiku ambao mwezi ni mpevu lakini ukalala vizuri, unaukumbukaje?"

Nilifungua mdomo kujibu, nikakuta sina jibu. Mtu aliyelala usingizi mzito hafungui pazia. Usiku wa aina hiyo, kama ulikuwepo, nisingeweza kuujua. Nilimwambia sijui. Akasema, "Hata mimi sijui. Nakuuliza kwa sababu mimi naamini nikivaa saa ya marehemu baba siku yangu inakwenda vizuri, na sijawahi kuhesabu zile siku ambazo niliivaa na mambo yakaharibika."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kichwani kutafuta ni nini hasa kilichoyafanya yasiume, maana kwa uzito wake yalikuwa makali kuliko chochote nilichowahi kumwambia mtu yeyote: yaling'oa mzizi wa imani yangu kwa sentensi moja. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Hakutanguliza samahani. Naona mambo mawili. La kwanza, hakulijua jibu. Swali lake lilikuwa wazi pande zote mbili; ningeweza kumwambia kwamba naandika kila siku na kwamba hesabu inanipa haki, naye angekubali. La pili, aliweka imani yake mwenyewe mezani karibu na yangu, akaikabidhi kwenye kipimo kilekile. Hapo hapakuwa tena na mpimaji na mpimwaji. Tulikuwa watu wawili wenye mazoea mawili yasiyohesabiwa.

Nilichukua daftari. Kwa siku 90 niliandika kila asubuhi kama nimelala vizuri au vibaya, bila kuangalia mwezi, na mwishoni ndipo nilipolinganisha na kalenda. Usiku mbaya ulikuwa 18. Nilihesabu kuwa "karibu na mwezi mpevu" ni usiku wenyewe pamoja na siku mbili kabla na mbili baada, ambazo kwa miezi mitatu zinakuwa 15, yaani sehemu moja ya sita ya siku zote. Kama mwezi hauhusiki na usingizi wangu ningetarajia usiku mbaya 3 uangukie humo. Ulioangukia ni 4. Na hapa lazima nikiri jambo la aibu: nilipoiona ile nne moyo wangu uliruka. Nilitaka kushangilia ile moja iliyozidi, nikaanza hata kufikiria kwamba pengine ningepanua dirisha liwe siku tatu kila upande. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi nilikuwa nimeshika ngozi kwa mikono miwili. (Sisemi mwezi hauna uhusiano wowote na usingizi wa binadamu, wapo watafiti wanaolichunguza hilo kwa vipimo bora kuliko daftari. Nasema tu kwamba mimi sikuwa na sababu ya kuliamini.)

Hayo yalinifundisha kuhusu watu wengine kuliko yalivyonifundisha kuhusu mwezi. Kama mimi, ninayejiita mtu wa kuhoji, nilijikuta nikiivuta hesabu yangu mwenyewe upande ninaoupenda, katika jambo ambalo halinigharimu chochote, basi mtu anayetetea imani iliyojenga maisha yake hana kasoro ya pekee. Anafanya kile ambacho akili ya binadamu hufanya. Mwanasaikolojia Peter Wason alilionyesha hili London mwaka 1960 kwa mchezo mdogo ambao nimeutumia mara nyingi tangu hapo. Unampa mtu namba tatu, 2, 4, 6, ukimwambia kwamba zinafuata kanuni fulani uliyoiandika pembeni, na kazi yake ni kuigundua kwa kutaja namba tatu nyingine anazotaka; wewe utamjibu tu kama zinafuata kanuni au la, na atakapokuwa na hakika atakuambia kanuni ni ipi. Karibu kila mtu hutaja 8, 10, 12. Unamwambia ndiyo. Anataja 20, 22, 24. Ndiyo. Anatangaza kwa kujiamini kwamba ni namba zinazoongezeka kwa mbili. Siyo. Kanuni ilikuwa ni namba zozote zinazopanda, na angeigundua haraka kama angethubutu kutaja 1, 7, 50, au 6, 4, 2, yaani kama angejaribu kuivunja dhana yake badala ya kuilisha. Katika jaribio la kwanza la Wason, kati ya watu 29 ni 6 tu waliofika kwenye kanuni bila kutangaza kwanza kanuni isiyo sahihi.

Ninaupenda mchezo huu kwa sababu hauna upande. Haugusi dini ya mtu, wala siasa, wala ugonjwa wa mama yake. Mtu anapoukosea anacheka, nami humwambia ukweli kwamba mara ya kwanza niliukosea vilevile, na baada ya hapo tuna lugha ya pamoja. Wiki tatu baadaye tunapobishana jambo zito, mmoja wetu anaweza kusema, "Tusije tukawa tunataja 8, 10, 12," na mwenzake asione kama ametukanwa.

Njia nyingine ambayo nimeiona ikifanya kazi ni kumwomba mtu anieleze jambo linavyofanya kazi badala ya kumwomba anipe sababu za kuliamini. Zinafanana kwa mbali, lakini matokeo yake hayafanani. Ukimwuliza mtu kwa nini anaamini, umemwita kwenye ulingo wa utetezi, atakuletea hoja, na kila hoja anayoitoa itamfunga zaidi. Ukimwuliza jambo lenyewe linatendekaje, hatua kwa hatua, umemwita awe mwalimu, na mwalimu mwaminifu hugundua mwenyewe mahali ambapo somo lina tundu. Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha mwaka 2002 utafiti ambao watu walijipa alama za jinsi wanavyoelewa vitu vya kawaida kama zipu au choo cha kuvuta maji, kisha wakaombwa waeleze kwa kina vinavyofanya kazi, kisha wakajipa alama upya. Alama zilishuka. Hakuna aliyewaambia kwamba hawajui. Nimejaribu kufanya hivyo mimi mwenyewe na zipu: jinsi kile kipande kinachoteleza kinavyoyakutanisha meno kwa pembe fulani, na kwa nini yakishakutana hayafunguki kwa kuvutwa pembeni. Nilikwama kwenye sentensi ya pili, na suruali nimeivaa.

Lakini hata swali hilo linaweza kuwa mtego, kama nia yako ni kumsubiri kwenye tundu. Ndiyo maana siamini sana orodha za mbinu. Nimesoma ushauri mwingi wa namna ya kumshawishi mtu bila kumkera: rudia hoja yake kwanza, tafuta mnapokubaliana, usitumie neno "lakini". Mengi yana maana, na hasa lile la kurudia hoja ya mtu kwa ubora kiasi kwamba mwenyewe aseme naam, ndicho nilichomaanisha. Hilo ni zuri kwa sababu mara nyingi unagundua ulikuwa hujaielewa. Ila mtu mzima hutambua anapofanyiwa mbinu. Analisikia lile tabasamu la muuzaji.

Wapo pia waliokata tamaa kabisa, wanaosema kwamba kumwonyesha mtu ushahidi ni kumfanya azidi kushikilia kosa lake. Wazo hilo lilienea baada ya utafiti mmoja wa mwaka 2010, lakini watafiti Thomas Wood na Ethan Porter walipolijaribu kwa watu zaidi ya 10,000 na mada 52, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba kwa sehemu kubwa watu waliposahihishwa walisogea kuelekea ukweli. Kwa hiyo ukweli unasikika. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba unasikika na hausemwi, kwa sababu kuukubali palepale, mbele ya aliyekubana, kuna bei.

Hiyo bei ndiyo jambo ambalo nilichelewa zaidi kulielewa, na mtu aliyenifundisha alikufa mwaka 1865. Ignaz Semmelweis alikuwa daktari Mhungari katika hospitali kuu ya Vienna, ambako wodi mbili za wazazi zilikuwa jirani. Katika ile ya wakunga, wanawake waliokufa kwa homa ya uzazi walikuwa wachache. Katika ile ya madaktari na wanafunzi wao walikufa wengi zaidi, kiasi kwamba wanawake walilia wakiomba wasipelekwe huko. Mwaka 1847 rafiki yake daktari alikufa baada ya kukatwa na kisu wakati wa upasuaji wa maiti, na Semmelweis akaona kwamba alikuwa na dalili zilezile za wale wazazi. Akaunganisha mambo: madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwahudumia wazazi; wakunga hawakupasua maiti. Akaamuru mikono ioshwe kwa maji yenye chokaa ya klorini. Aprili mwaka huo vifo katika wodi ya madaktari vilikuwa karibu asilimia 18. Juni vilikuwa kama asilimia 2.

Ushahidi bora kuliko huo ni vigumu kuuomba, na bado madaktari wengi waliukataa. Zipo sababu kadhaa: nadharia ya vijidudu ilikuwa bado haijakubalika, Semmelweis mwenyewe alichelewa kuandika na kitabu chake hakikutoka mpaka 1861, na alipoandika hakuandika vizuri. Lakini fikiria walichokuwa wakiombwa kukikubali. Daktari wa uzazi wa miaka 50 hakuwa akiambiwa tu kwamba nadharia yake ina kasoro. Alikuwa akiambiwa kwamba mikono yake, hii hapa, ndiyo iliyowaua wale akina mama aliokuwa akiwapigania usiku kucha. Semmelweis hakuwaachia mlango wowote wa kutokea. Katika barua za wazi alizochapisha baada ya kitabu, aliwaita baadhi ya maprofesa wauaji.

Sina ujasiri wa kumlaumu. Alikuwa akiona wanawake wakifa kwa jambo ambalo beseni la maji lingelizuia, na hasira yake ilikuwa ya haki kuliko hasira nyingi ninazozijua. Lakini naamini alifunga mlango ambao wengine wangeupita. Aliufanya ukweli na fedheha viwe kitu kimoja, kiasi kwamba mtu asingeweza kuupokea huu bila kuivaa ile. Mimi nilifanya vivyo hivyo kwa kipimo cha kichekesho. Mjomba hakuwa akifundisha somo la ubongo siku ile. Aliitumia ile asilimia 10 kuwaambia watoto wa dada zake kwamba wana uwezo kuliko wanavyodhani, na hilo ni kweli, na lilikuwa kweli kabla yangu na baada yangu. Nilipoivunja ile namba niliuvunja pia ule mwito, na sikuwa nimejiandaa na kingine cha kumpa akishike. Ningeweza kukaa. Ningeweza kumsubiri amalize, nikamfuata baadaye barazani tukiwa wawili, nikamwambia kwamba maneno yake kwa vijana yamenigusa, na kwamba ile namba imenitatiza kwa sababu nimesoma tofauti, naye aliisikia wapi?

Sitaki kueleweka kama ninasema kila imani ingojewe barazani. Mtu anayempa mtoto mgonjwa kitu cha hatari hasubiriwi. Unamshika mkono kwanza, mtaelewana baadaye. Na nimeshuhudia pia neno "adabu" likitumika kama kufuli: mwenye cheo anasema jambo lisilo kweli, mdogo wake anauliza kwa heshima zote, naye anajibiwa kwamba ana kiburi. Pale uhasama haumo kwenye swali. Umo kwenye sikio la asiyetaka kuulizwa, na hakuna kiasi cha upole kitakachomridhisha isipokuwa ukimya. Mtu wa namna hiyo anapaswa kuulizwa hivyo hivyo, na muulizaji akubali kuonekana mbaya. Ninachojichunga siku hizi ni kujidanganya kwamba kila aliyekasirika na swali langu ni wa kundi hilo.

Yule mama wa uhasibu bado anavaa saa ya baba yake. Nilipomuuliza kama ameshahesabu zile siku, alicheka akasema hataki kuhesabu, na nikamwacha. Alijua hasa anachokikataa, na saa haimdhuru mtu.

Mjomba nilimwomba radhi, ilichukua zaidi ya mwaka. Sikuomba radhi kwa nilichosema kuhusu ubongo. Niliomba radhi kwa kukisemea mlangoni. Aliniambia hakumbuki, na wote wawili tulijua anakumbuka. Tangu hapo nimekuwa nikimtembelea na kumsikiliza zaidi, na nimegundua kwamba anajua mambo mengi ambayo sikuwahi kumpa nafasi ya kuyasema. Mwezi uliopita nilimkuta tena kwenye lile kochi, safari hii na kijana mmoja tu, mjukuu wake. Aliponiona naingia alinyanyua mkono kunisimamisha kabla sijasema neno, akamgeukia mjukuu akamwambia kwa sauti ya mtu aliyefanya uchunguzi wake, "Zamani nilikuwa nakuambia asilimia 10. Nimeangalia vizuri. Siyo 10, ni 20."

Nilivuta kiti, nikakaa. "Asilimia 20 ya nini, Mjomba?"

Akafikiri. "Ngoja kwanza," akasema, akaanza kutafuta miwani.